Mwalimu Aliyesema Haujui Mwandiko

Nilipokuwa kidato cha pili, kila Ijumaa baada ya mapumziko tulishika majembe. Vipindi viwili vya Kiswahili vilikuwa vimepangwa saa hizo, lakini hatukuvisoma. Tuliongozana hadi shamba la mahindi nyuma ya shule, tukalima mpaka kengele ya kurudi nyumbani. Mkuu wa shule alisema ni elimu ya kujitegemea. Mahindi yalipokauka tuliyavuna wenyewe, tukayapakia kwenye trekta, na trekta likaelekea nyumbani kwake. Sote tuliona. Hakuna aliyesema.

Nilikuwa nakaa Makanyagio, mjini Mpanda, kwa mama mdogo, ambaye alikuwa na duka dogo la nguo za watoto. Wazazi wangu walibaki mbugani na ng'ombe, walikokuja kutoka Usukumani kabla sijazaliwa. Nilianza shule nikiwa mkubwa kuliko wenzangu, na Kiswahili changu kilikuwa cha kuchekwa. Katika lugha yetu ya nyumbani hakuna sauti ya r. Niliandika "kula" nikimaanisha "kura", darasa likacheka, na kwa kuogopa kuchekwa tena nikaanza kuweka r kila mahali, hata pasipotakiwa.

Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa madam wetu wa Kiswahili, mama wa makamo, Muha wa Kasulu, mfupi, aliyevaa sketi ndefu na raba nyeupe za michezo. Alipofika kwenye dawati langu aliinama, akaniambia niweke ulimi juu ya meno na niseme "lala", kisha niurudishe nyuma niseme "rara". Nikasema. Akanisikiliza kama vile hana darasa jingine la kwenda. Kwa mara ya kwanza tangu nianze shule, mwalimu aliinama karibu yangu na mabega yangu hayakujikunja kungoja kofi.

Yeye ndiye aliyetufundisha kuandika barua rasmi. Alisema barua rasmi ni njia ya mtu mdogo kuongea na mtu mkubwa bila kupiga magoti na bila kutukana. Maneno hayo yaliniingia. Wiki hiyohiyo nilichana karatasi katikati ya daftari, nikaandika bila jina, nikaitumbukiza kwenye sanduku la maoni lililokuwa limetundikwa nje ya ofisi. Sikumwambia yeyote, hata mama mdogo.

Jumatatu yake, mstarini, mkuu alikuja ameishika ile karatasi. Alikuwa mtu mwenye sauti nzuri, na aliisoma polepole ili kila kosa lisikike: "Tunaomba Ijumaa tusome. Shamba tunarorima si ra shule." Shule nzima ikacheka. Nami nilicheka, nikahakikisha nacheka kwa sauti.

Kicheko kilipoisha aliuliza nani ameandika. Akauliza tena, kisha akamwita madam mbele. Akatueleza kwamba kwa kuwa madam ndiye anayesahihisha insha za shule nzima, yeye mkuu hana haja ya kumtafuta mtu, madam atautambua mwandiko.

Madam alitoka kwenye mstari wa walimu. Akaipokea karatasi kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu sana. Nilikuwa safu ya tatu. Nilijua kwamba amekwisha kunijua, kwa sababu r zile alikuwa akizipigia duara jekundu mwaka mzima. Nikaishika sketi yangu pembeni, nikatazama mbele kama wenzangu.

"Siujui mwandiko huu, Mkuu," alisema.

"Madam, si unasahihisha madaftari ya watoto hawa kila wiki?"

"Nasahihisha. Lakini huu siujui."

Hatukuwahi kusikia mtu mzima akimwambia mkuu neno alilokuwa hataki kulisikia. Walimu wengine walitazama chini. Mkuu akasema basi kidato cha pili chote, kwa kuwa ndicho kinacholima Ijumaa, kitachapwa mpaka mwenye barua ajitokeze. Ndipo madam akasema, kwa sauti ileile aliyoitumia kuita mahudhurio, "Barua nimewafundisha mimi. Kama kuna kosa, ni kosa la somo langu." Akamrudishia karatasi, akarudi kwenye mstari wake.

Mkuu aliikunja, akaitia mfukoni, akaamuru tuingie madarasani. Hatukuchapwa. Mimi sikujitokeza. Nimejisamehe mambo mengi ya utotoni, hilo nalibeba mpaka leo.

Wiki zilizofuata nilingoja aniite. Kila aliporudisha madaftari nilifungua langu haraka, nikitafuta neno, hata alama tu pembeni ya ukurasa. Nilikuta maduara mekundu kama kawaida na maksi zangu. Nikajiambia anafanya hivyo kwa hekima, kwamba ananilinda kwa kutoniangalia. Nikaanza kuishi ndani ya siri hiyo. Nilisoma kwa bidii kwa sababu niliamini yupo mtu mmoja anayenijua, anayejua kwamba nyuma ya mtoto wa ng'ombeni asiyeongea kuna aliyeandika ile barua.

Sanduku la maoni lilipigiliwa bati kwenye tundu lake. Shamba tuliendelea kulilima. Muhula ulipokwisha tukasikia kwamba madam amehamishiwa Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, na siku ya kuondoka tulitumwa kumsaidia kupakia. Nilibeba jiko lake la mkaa na ndoo ya vyombo. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu asubuhi, lakini mkuu alisimama pale pale kwenye gari, mikono nyuma, akituhimiza tufanye haraka. Nikaweka jiko. Madam akanishika bega, akasema, "Usome, sawa?" Kisha akamwambia hivyohivyo msichana aliyekuwa nyuma yangu na godoro.

Nilisoma. Nikaenda chuo kikuu, ambako wahadhiri waliitwa kwa vyeo vyao na tulisubiri milangoni mwao saa nzima kwa sahihi moja. Katika korido hizo nilimkumbuka zaidi. Nilitamani mtu ainame karibu na meza yangu. Nikarudi Katavi kufundisha Kiswahili, na hapo nikagundua jambo ambalo sikulipenda: ni rahisi sana kuwa mkuu yule. Darasa likikunyamazia kwa woga unajisikia unafundisha vizuri. Siku ninazojigundua nimepandisha sauti bila sababu, nazunguka madawati na kuinama, lakini baadhi ya watoto hujikunja mabega, na ninajua ni kwa sababu yangu.

Miaka miwili iliyopita nilipangiwa kusimamia mtihani Mishamo. Nilifurahi kuliko walivyonielewa wenzangu ofisini. Siku ya mwisho nilitembea hadi nyumba za walimu kumuulizia. Kijana mwalimu aliyehamia nyumba ya madam aliniambia madam alistaafu zamani kidogo, karudi kwao Kasulu. Akanionyesha jirani, mama mmoja mkulima mwenye Kiswahili chenye lafudhi ya Kirundi, aliyekuwa akipepeta maharage mlangoni. Mama huyo alikuwa na namba yake. Hakunipa niiandike, alipiga mwenyewe, akasalimiana naye kwa Kirundi, kinachokaribiana na Kiha cha madam, akacheka, kisha akanipa simu.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nikamtajia jina, nikamtajia shule, nikamkumbusha kidato cha pili. Alikumbuka shule, alikumbuka shamba. Jina langu alilirudia mara mbili kwa upole, namna ambavyo mimi pia hurudia majina ya wanafunzi niliowasahau. Nikaona neno langu nisipolisema sasa halitasemwa. Nikamwambia ile barua iliyosomwa mstarini ilikuwa yangu, na kwamba nimetaka kumshukuru miaka yote hii kwa kunificha wakati aliujua mwandiko wangu.

Nilisikia kuku upande wake.

"Mwanangu, mimi sikukujua," alisema. "Alivyosoma nilielewa ni mmoja wa nyie watoto wa wafugaji, lakini nyie mlikuwa nusu ya darasa. Aliponipa karatasi sikuisoma. Niliangalia pembeni yake, pale pasipoandikwa. Ningesoma ningekujua, na ningekujua uso wangu ungesema."

Nilitazama maharage yakirushwa juu ya ungo mlangoni. Madam akadhani simu imekatika, akaita halo, halo. Nikamwambia nipo. Akaniuliza nafanya kazi gani, nikasema nafundisha Kiswahili, akafurahi kweli, akaniuliza kama watoto wa siku hizi wanasoma. Akanikaribisha Kasulu nikapajue kwake. Nikaahidi.

Nilimrudishia mama wa maharage simu yake na kukaa kidogo kwenye kigoda alichonisogezea. Nilikuwa nimekuja kuonana na mtu aliyenijua, kumbe alifanya juhudi yote asinijue. Na alichokifanya kilikuwa kikubwa zaidi ya nilichofikiria, kwa sababu angemfanyia yeyote, hata yule aliyecheka kwa sauti kuliko wote. Hilo nalielewa. Lakini moyo haukunielewa. Ulitaka awe ameniona, mimi, siku ile, hata kwa jicho moja tu.

Jioni hiyo nilikodi bodaboda hadi barabara kuu. Kwenye njia panda dereva alisimama kupisha lori, upande mmoja Mpanda, upande mwingine Uvinza hadi Kasulu. Nikamuuliza kutoka pale hadi Kasulu ni mwendo wa saa ngapi kwa basi. Akahesabu, akanitajia, akageuka kunitazama.

"Unataka leo?"

Nikamwambia hapana, kesho nina vipindi.