Kidonda Nilichokiandika

Kwa miaka sita sasa ninaishi kwa makataa ya watu nisiowajua. Kazi yangu ni kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao za chuo. Wao hulala, mimi huandika. Wao huhitimu, mimi hubaki Kitengela. Sitajitetea hapa. Nilimaliza masomo, nikatafuta kazi ya ofisi mpaka soli za viatu zikaisha, kisha rafiki akanionyesha jinsi ya kupata kazi hizi mtandaoni, na hadi leo ndizo zinazonilipia nyumba.

Saa sita ya usiku ya Marekani, ambayo ndiyo mwisho wa kuwasilisha kazi, hutupata sisi tukiwa kwenye chai ya asubuhi, kwa hiyo siku zangu huanza kwa mbio. Hata bila mbio, mimi si mtu wa kutulia. Huandika aya moja mezani, aya ya pili dirishani, ya tatu nimeegemea sinki, huku lori la maji likinguruma nje na vumbi la barabara likiingia chini ya mlango. Stima ikipotea, nanyanyua laptop na kukimbia hadi saiba, kile kibanda cha intaneti kilicho karibu na steji ya matatu, na mwenye saiba akiniona tu huwa anamwondoa mtu kwenye kiti cha pembeni. Anajua sina muda wa salamu.

Niseme ukweli ambao wateja wangu wasingependa kuusikia: kazi zile zimenisomesha mimi. Nimesoma sheria za mikataba, mmomonyoko wa udongo, malezi ya watoto njiti, na zaidi ya yote uuguzi, maana wanafunzi wa uuguzi ndio wengi. Hakuna mwalimu aliyewahi kunikaza kama saa. Ukijua kazi inatakiwa saa mbili kamili, unasoma kurasa thelathini kabla chai haijapoa, na kinachoingia kichwani kwa namna hiyo hakitoki. Nilijua vizuri kabisa kwamba anayefanya kazi ndiye anayebaki na elimu. Nililijua hilo kuhusu Wamarekani, na halikunisumbua.

Mdogo wangu alikuja kukaa nami alipopata nafasi katika chuo cha uuguzi huko Kajiado. Sisi ni watu wa Magharibi, na mama alimleta mwenyewe, akanikabidhi binti yake pamoja na gunia la mahindi, akasema, "Huyu sasa ni wako, umwangalie." Nami nikamwangalia kwa namna niijuayo. Nikamtafutia hosteli Kajiado, wikendi akawa anakuja kwangu, na akiwa na tatizo lolote nilikuwa nimeshalitatua kabla hajamaliza kulieleza. Ni msichana mpole, mwenye kufikiri polepole. Akiulizwa swali hunyamaza kwanza, na ule unyamavu ulikuwa ukiniwasha mwili mzima.

Katika mwaka wake wa pili walipewa kazi kubwa. Kila mwanafunzi achague mgonjwa mmoja wodini, amfuate kwa wiki tatu, aandike habari zake zote: ugonjwa ulianzaje, anauguzwaje, na hasa amefundishwa nini cha kujitunza atakaporudi nyumbani. Kazi iwasilishwe Jumanne saa mbili asubuhi, nakala moja iwekwe kwenye faili ya mgonjwa, na Alhamisi kila mtu asimame kando ya kitanda cha mgonjwa wake na kuieleza mbele ya mwalimu. Atakayeshindwa arudie muhula mzima, na karo ya muhula mwingine hatukuwa nayo, si mimi wala mama.

Jumapili kabla ya Jumanne hiyo alikuja na karatasi moja. Moja, tena imeandikwa upande mmoja. Mgonjwa wake alikuwa bibi wa Kimaasai kutoka pande za Oltepesi, mwenye kisukari na kidonda kwenye wayo wa mguu wa kushoto. Karatasi ilikuwa na umri wa kukadiria, kipimo cha sukari, na majina ya dawa.

"Wiki tatu yote, umeandika hii tu?" nilimuuliza.

Aliitazama karatasi yake, kisha akasema, "Dada, ile kidonda inanuka. Na yeye ananiangalia sana. Nikifika hapo nasahau kila kitu nilikuwa nimepanga kuuliza."

"Na sasa?"

"Nilikuwa nafikiria nirudi kesho mapema nikae na yeye siku mzima. Nikose tu class. Nitaandika jioni."

Hebu lisikilizeni jibu hilo. Alikuwa ameshafika mahali pake. Woga wa kurudia muhula ulikuwa umeuzidi woga wa kidonda, na Jumatatu angekwenda kukaa kwenye kiti cha kando ya kitanda cha bibi apende asipende. Mimi sikulisikia. Nilichosikia ni siku mbili zimebaki na ukurasa mmoja. Nikavuta laptop. Nikamwambia aoshe vyombo.

Niliandika kurasa kumi na mbili kabla ugali wa mchana haujaiva. Vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari nilikuwa nimeviandika mara nyingi hata nisiweze kuhesabu; maneno yalikuja yenyewe. Nikaandika kwamba chanzo kilikuwa viatu visivyofaa. Nikaandika kwamba mgonjwa alifundishwa katika vikao vinne, kwamba alishauriwa kuvaa soksi za pamba na viatu vilivyofungwa, na kuzikagua nyayo zake kila siku kwa kutumia kioo cha mkononi. Nikaandika kwamba mgonjwa aliyarudia maelezo yote kwa usahihi. Mdogo wangu alisimama nyuma yangu na taulo ya vyombo mkononi.

"Lakini sijamfundisha," alisema.

"Utamfundisha Jumatatu. Soma tu hii, ushike."

Jumatatu hakumfundisha. Kwa nini angemfundisha? Kazi ilikuwa imekwisha, imechapishwa na kutiwa ndani ya jalada la bluu. Aliniambia baadaye kwamba alipita mlangoni mwa wodi, akaona kiti kiko wazi, akaenda darasani.

Alhamisi nilikuwa kwenye kazi nyingine, nimebakisha aya mbili, simu ilipolia. Hakuweza kuongea vizuri. Nilishika maneno matatu tu: madam, kioo, na njoo. Niliifunga laptop bila kumaliza zile aya mbili, jambo ambalo sijawahi kulifanya kabla wala baada ya siku hiyo, na kabla ya saa tano nilikuwa Kajiado, nimesimama kwenye ukumbi wa hospitali, mkoba wa laptop begani.

Mwalimu wake alikuwa mama mfupi, asiyepandisha sauti. Alikuwa ameshika lile jalada la bluu. Hakunisalimia kwa jina lolote.

"Ni wewe uliandika?"

Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri njia nzima kuanzia Isinya. Nilipomwangalia mdogo wangu, macho yamemvimba, nikaona ameshasema ukweli. "Ni mimi, madam."

"Umeandika vizuri. Njoo uone mgonjwa wako."

Bibi alikuwa ameketi kitandani, shuka lake jekundu juu ya gauni la hospitali, shanga masikioni, mguu wa kushoto umefungwa bandeji. Mwalimu alimwamkia, "Supa," naye akaitikia, "Ipa." Kisha mwalimu akafungua jalada na kumuuliza kwa Kiswahili, polepole, mbele yangu, lile swali alilokuwa amekwisha kumuuliza mbele ya darasa zima.

"Bibi, huyu msichana alikuambia uangalie mguu yako na kioo?"

Bibi alicheka. "Kioo ya nini? Ya gari?" Kisha kicheko kikaisha, akamnyooshea mdogo wangu kidole. "Huyu hajaniambia kitu. Anakuja, ananiangalia, anaenda. Nilifikiri ananiogopa."

Nimewahi kuaibika maishani. Nimewahi kufukuzwa kazi, nimewahi kuachwa na mwanaume mbele ya watu. Hakuna aibu iliyonishukia namna hii, kwa sababu hii ilikuwa na mguu ndani yake. Bibi alikuwa anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Katika faili yake kungebaki ushahidi wa maandishi, kwa lugha safi kabisa, kwamba amefundishwa mara nne, na hakuna mtu mwingine ambaye angejisumbua kumfundisha. Angerudi Oltepesi na bandeji na vidonge. Kidonda kingerudi, na mara ya pili huenda wangeukata mguu. Hilo nalo nilikuwa nimeliandika, katika ukurasa wa tatu.

Mwalimu alitutoa tena ukumbini. Nilianza kuomba msamaha, naye akanikatiza kwa kiganja. Akamgeukia mdogo wangu.

"Kulingana na sheria ya chuo napaswa kukupeleka kwa kamati leo. Lakini familia ya huyo bibi inakuja kumchukua saa saba. Hiyo ndiyo deadline yako. Si mimi nimekupea, ni yeye. Ingia ukae, umuulize, umfundishe, uandike yale yamefanyika. Kwa mkono. Saa saba nitamuuliza bibi, si wewe." Kisha akanitazama. "Na huyu dada yako akae hapa."

Nikakaa hapo, kwenye benchi lililo nje ya mlango wa wodi. Mlango ulikuwa wazi, nikawaona. Saa tano na dakika ishirini. Mdogo wangu alisimama kando ya kitanda bila kusema neno kwa muda ambao mimi ningekwisha kumaliza utangulizi. Nikasimama, nikaketi. Nikafungua zipu ya mkoba, nikaifunga. Niliyajua maswali yote, nilijua lipi litangulie, na nilitaka kupiga kelele kutoka pale nje: muulize kiatu! muulize nani anapika! Mlinzi wa mlangoni aliniuliza kama nimefiwa.

Saa tano na nusu mdogo wangu alivuta kiti, akaketi. Bibi akaanza kuzungumza. Mdogo wangu akanyamaza kama kawaida yake, na bibi akaendelea kuzungumza, mikono ikienda huku na huku. Alipotulia, bado mdogo wangu hakusema kitu, na bibi akaongeza jingine. Sikuwa nimewahi kuona unyamavu wake ukifanya kazi. Nyumbani huwa siupi nafasi.

Kisha nesi alileta dawa za kidonda, mdogo wangu akavaa glavu, akafungua bandeji yeye mwenyewe. Nilimwona akigeuza uso mara moja, akaurudisha. Saa sita na robo alikuwa hajaandika hata mstari mmoja. Mimi nilikuwa nimekwisha kutembea ukumbi ule mpaka mwisho mara ishirini, nikihesabu dakika kwa ajili yake, nikijua kwamba zile dakika ndizo nilizomnyang'anya Jumapili. Tarehe ile ingemsukuma hadi kwenye kile kiti yenyewe. Mimi nikasimama katikati na kompyuta yangu, nikajiita mlezi.

Alitoka saa saba kasoro dakika tano na karatasi tatu. Mwandiko mbaya, mistari imekatwakatwa. Alinipa nisome wakati mwalimu akiingia kuzungumza na bibi, nami nikazishika kwa mikono miwili ili nisitafute kalamu.

Aliandika kwamba mgonjwa huvaa akala, zile ndala za tairi, na hana nia ya kuziacha. Kwamba mwiba wa mgunga ulipenya tairi, ukatembea naye siku nyingi bila yeye kuusikia, kwa sababu nyayo zake zimekufa ganzi. Kwamba macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo kioo hakitamsaidia. Kwamba mikono yake bado inasikia. Kila asubuhi, kabla mbuzi hawajatolewa, atapitisha kidole ndani ya akala zote mbili kutafuta mwiba, na mjukuu wake atamtazama nyayo. "Mgonjwa amechagua saa hiyo mwenyewe," aliandika, "kwa sababu mbuzi hawasahauliki."

Katika miaka yangu sita sijaandika sentensi kama hiyo. Nilirudia kuisoma, na nilihisi wivu, nasema wazi, wivu kabisa, na nyuma ya wivu fahari.

Mwalimu alitoka, akazichukua zile karatasi, akazisoma akiwa amesimama. "Kumi na moja kwa ishirini," alisema. "Nimekata kwa kuchelewa na kwa uongo. Na wiki mbili zaidi katika wodi hii." Mdogo wangu alishukuru mara tatu. Muhula ulikuwa umepona.

Familia ilifika. Mdogo wangu aliniita ndani nimsaidie kubeba vitu vya bibi, na bibi akautazama mkoba wangu, viatu vyangu, na jinsi nilivyosimama.

"Huyu ni daktari?"

"Hapana, bibi," mdogo wangu alijibu. "Ni dada yangu mkubwa."

"Anajua hii mambo ya mguu?"

Mdogo wangu alinitazama, akasubiri.

"Sijui, bibi," nilisema. "Anayejua ni huyu."

Bibi alikubali kwa kichwa, akamgeukia mdogo wangu, akamnyooshea mguu auangalie.