Kinyaa Ndani ya Sipiyu

Mtaani walimwita Bi Mkasi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kukata. Wapiga picha walimletea video za harusi nzima nzima, naye akakaa nazo sebuleni mbele ya kompyuta, akakata wajomba wanaopiga miayo na mashangazi wanaogombania viti, mpaka ikabaki harusi ambayo hata bwana harusi mwenyewe angetamani kualikwa. Kompyuta ilikuwa ya mezani, ya zamani, sipiyu yake, lile kasha lenye mashine yote, nzito kama gunia la saruji. Lakini haikuwahi kumwangusha.

Kisha mistari ya kijani ikaanza kupita usoni mwa mabibi harusi. Picha zikawa zinakwama, zinaruka, zinakwama tena. Mama mmoja alipoonyeshwa harusi ya binti yake, alisema, "Mwanangu mmemgeuza mjusi."

Shemeji yake Bi Mkasi alicheka hadi akakohoa. Huyu alikuwa mdogo wa mumewe, aliyekuja kukaa nao kwa muda mfupi tu, na sasa kochi lilikuwa limeshachukua umbo la mgongo wake. Mume alikuwa dereva wa malori, safarini mara nyingi kuliko nyumbani.

"Kompyuta imezeeka, shemeji," alisema. "Hata magoti yako yanalia ukipanda ngazi. Nunua kadi mpya ya grafiki, hiyo ndiyo inayotoa picha. Kubwa, yenye taa. Hata gemu zitacheza."

"Mimi sichezi gemu."

"Kwani unaishi peke yako?"

Asubuhi moja shemeji alipotoka, Bi Mkasi alichukua bisibisi akafungua sipiyu ili apime nafasi iliyopo. Hakuwa ameifungua siku nyingi. Vumbi lilimchokoza pumu, kwa hiyo usafi wa ndani alimwachia shemeji.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Moshi wa sigara za shemeji ulikuwa umeganda kwenye feni, kahawia, unanata kama asali iliyooza. Majivu yalijaa chini. Makombo ya biskuti. Mende alikuwa amebanwa kati ya mapanga ya feni, nusu yake ipo, nusu haipo, na kwenye kona mayai yake yamepangwa kana kwamba alilipia kodi. Bi Mkasi aliziba pua kwa kanga. Kinyaa kilimpanda kutoka tumboni mpaka kwenye ulimi, akalazimika kwenda kutema mate nje.

Alirudi, akafuta, akapima. Kadi iliyokuwemo ilikuwa ndogo, na feni yake nyembamba. Aliikumbuka kuwa kubwa zaidi, lakini akajiambia labda na kumbukumbu nazo zinazeeka. Akasoma nguvu ya pawa saplai, kifaa kinacholisha mashine umeme, ili asinunue mzigo ambao mashine haiwezi kuubeba, akaenda mjini.

Muuzaji wa vipuri alikuwa anakula chipsi. Bila kunawa, akamshushia kadi ndefu kama mkono, yenye feni tatu.

"Hiyo haiingii," alisema Bi Mkasi. "Na pawa saplai yangu haiiwezi."

"Tunakata kibati kidogo mama, inaingia."

"Nionyeshe nyingine."

Ya pili ilikuwa imetumika, inang'aa kwa nje, lakini ilinuka kama soksi iliyopikwa. Muuzaji alitemea kitambaa mate akaanza kusugua meno ya shaba ya kadi hiyo.

"Unaitemea?"

"Mate ni dawa, mama."

Bi Mkasi alirudi nyuma hatua moja. Muuzaji akaona anampoteza, akatoa ya tatu chini ya kaunta. "Basi chukua hii. Imetoka kwa jamaa mmoja mstaarabu sana."

Aliigeuza. Pembeni palikuwa na nukta ya rangi nyekundu ya kucha. Zamani, kabla ya kumpelekea fundi mashine yake, alikuwa ametia nukta kama hiyo kwenye kila kipuri ili asibadilishiwe.

"Huyo mstaarabu yukoje?"

"Mrefu, anacheka sana, hafungi kamba za viatu. Alisema shemeji yake amenunua mpya."

"Shemeji yake ni mimi."

Muuzaji alilamba chumvi vidoleni. "Kumbe ni yako! Basi nitakupunguzia."

Bi Mkasi aliiweka kadi kwenye kaunta polepole, kama mtu anayetua kitu kilichokufa. Hata angepewa bure asingeichukua. Alivuka barabara mpaka duka jingine, akachagua kadi mpya ya wastani, fupi, isiyohitaji waya wa ziada wa umeme, yenye kumbukumbu ya kutosha programu yake ya kuhariri. Haikuwa na taa hata moja.

Alipoingia nyumbani, shemeji alikuwa amelala kochini na viatu.

"Umeleta yenye taa?"

"Nimekutana na kadi yangu dukani. Ile uliyoitoa ukaniwekea hii ndogo."

Shemeji alikaa. Akatazama mlango, akatazama dari. "Shemeji, nilikuwa na shida."

"Ungeniomba."

"Nilijua hutajua. Wewe unakata tu, ndani hufungui."

Hapo ndipo kile kinyaa cha asubuhi kilipomrudia. Kuibiwa aliweza kukumeza. Lakini huyu mtu alikaa hapa, akala kwake, akatazama ile mistari ya kijani wiki baada ya wiki, akacheka.

Alimpigia mumewe simu.

"Ni damu yangu," mume alisema. "Usimwaibishe."

"Damu yako, njoo uipanguse mwenyewe."

Shemeji alihamia kwa shangazi yake siku iliyofuata. Bi Mkasi aliosha kochi kwa sabuni ya unga, akaanika matakia juani, harufu ya sigara ikabaki. Kadi mpya iliingia bila kubanwa, na sura za mabibi harusi zikarudi kuwa sura za watu.

Mume aliporudi safari, alimleta mdogo wake aombe radhi. Aliomba, tena vizuri, kisha akanyoosha mkono. Bi Mkasi aliutazama mkono huo, na kucha zake za njano.

"Nimesikia," alisema, akageukia skrini na kuendelea na kazi.