Chunjua Iliyomleta Mama

Iliota kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia, pembeni mwa ukucha, na kidole hicho ndicho kinachonilisha. Nafanya kazi ya mapokezi katika ofisi moja ya serikali hapa Dodoma, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwaonyesha watu mahali pa kuweka saini. Zamani nilikuwa nikiweka kidole kwenye karatasi, mtu anatazama karatasi. Chunjua ilipokua, wakaanza kutazama kidole. Mzee mmoja alikitazama kwa huruma hata akaweka saini kwenye meza.

Mama alikuwa akiishi peke yake kijijini, upande wa Chamwino, tangu baba afariki. Msimu wa mvua uliopita aliteleza uani, akalala pale kwenye tope mpaka jirani aliyekuja kuomba moto alipomkuta. Tangu siku hiyo moyo wangu haukutulia. Nilimwomba aje tuishi wote Chang'ombe, hapa hapa Dodoma mjini, na kila mara alinijibu kwa swali: "Nije nifanye nini? Nihesabu mabati?" Mama yangu hajui kukaa bure. Nyumba isiyo na kazi ya kufanya yeye anaiita gereza.

Basi siku moja kwenye simu, tulipomaliza kusalimiana na mimi nikiwa sina la kusema, nikamtajia chunjua.

"Ikoje?"

"Kama punje ya mtama."

"Usiiguse. Nakuja."

Nilibaki nimeshika simu, nimefurahi na nimekasirika kwa pamoja. Mimi nimembembeleza mpaka nikachoka, chunjua imemwita mara moja tu, akaitika.

Alishuka kwenye basi na kuku, karanga, na furushi la vijiti vilivyofungwa kwenye khanga kuukuu. Sijamaliza shikamoo, tayari kidole changu alikuwa nacho, anakigeuza juani. "Si ndicho hiki unachowanyooshea watu?" akasema. "Ndiyo maana." Kisha akatangaza mbele ya kondakta na abiria wote: "Mimi siondoki hapa mpaka hii itoke."

Alianza na chumvi ya mawe. Aliisugulia chunjua, akanituma nikaitupe chumvi hiyo njia panda na nirudi bila kugeuka nyuma. Chumvi ilipokosa nguvu, akataka singa ya mkia wa punda. Akamsimamisha muuza maji anayepita mtaani na punda wake, na kabla mwenye mali hajaelewa anaombwa nini, mama alikwisha kung'oa. Punda akarusha mateke, madumu yakapasuka, na mimi nikalipia maji ambayo hakuna aliyekunywa. Kidole kikafungwa ile singa mpaka kikawa na rangi ya zabibu iliyoiva. Mwisho akafungua vile vijiti. Vilikuwa vya mnyaa, mti wa uzio ambao yeye mwenyewe alitukataza utotoni tusiuchezee, maana utomvu wake ukiingia jichoni umeumia. Utomvu ukaunguza ngozi yote kuizunguka chunjua, nayo chunjua ikabaki katikati, imetulia kama mwenye nyumba.

Nikaenda hospitali. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole, alikitazama kidole akauliza nani kanichoma.

"Mama yangu."

Akanieleza kwamba chunjua ni virusi vinavyokaa kwenye ngozi ya juu, na kwamba vinahama kwa kugusana. Akasema nyingine hutoka zenyewe zikiachwa, ila hazipangiwi lini. Akanipa dawa ya kupaka: niloweke kidole kwenye maji ya uvuguvugu, nisugue taratibu ngozi iliyokufa, nipake pale pale penye chunjua tu. Na mtu mwingine asiishikeshike.

Dawa nikaificha kwenye droo ya ofisini, nikawa napaka wakati wa chakula cha mchana. Nyumbani nilimwambia mama tu kwamba daktari amekataza mnyaa, na kwamba chunjua inaambukiza. Akacheka mpaka akajishika kiuno. "Ngozi yangu hii niliyolimia tangu usichana? Hicho kirusi kitapita wapi?" Akaendelea kuikagua kila asubuhi, akiibonyeza kwa dole gumba na kuipaka samli.

Wakati huo nyumba yangu ilikuwa imebadilika. Uani palikuwa na mchicha, jikoni palinukia mlenda, na majirani ambao nilikuwa nawapungia mkono tu sasa walikuwa wanaingia bila hodi kumtafuta "bibi". Nikitoka kazini nakuta taa inawaka na mama anagombana na kuku. Nilikuwa na furaha, nasema kweli.

Kisha chunjua ikaanza kunywea. Mama akaisifu samli yake, akaanza kulitaja shamba lake la karanga. Nikaingiwa na hofu. Dawa nikaiacha kwenye droo, sikuigusa tena, lakini ile chunjua ilikuwa imekwisha kata shauri. Jumapili moja kabla ya kanisa mama alikishika kidole, akakigeuza, hakuona kitu. Akapiga vigelegele. Mimi nikalia, naye akadhani ni furaha.

Kesho yake alikuwa kwenye basi, kiti cha dirishani, mfuko wake umepakiwa. Dole gumba alikuwa amelifunga kitambaa. Tangu wiki iliyopita alikuwa akisema kajikata na kisu. Nilimshika mkono kumuaga, kitambaa kikasogea, na chini yake kitu kigumu kikanikwaruza kiganja. Nilikijua kabla sijakiona.

"Mama, hii nini?"

"Sugu ya jembe hiyo."

"Jembe gani? Si liko Chamwino?"

Akatazama mbele kana kwamba dereva ndiye aliyeulizwa.

"Huondoki mpaka itoke," nikamwambia, na nikamwomba kondakta ashushe mfuko. Mama alimkemea kondakta, akanikemea na mimi, akalalamika kuhusu nauli, huku anashuka.

Tulipotoka kituoni furaha ilinipanda kichwani, nikaanza utani. "Sasa mama, tuanze na singa ya punda au mnyaa?"

Akasimama pale pale, akauficha mkono ndani ya khanga.

"Wewe mtoto una wazimu? Nipeleke kwa yule daktari wako." Akatembea kidogo, halafu akasema bila kunitazama: "Na umwambie asiharakishe."