Vidoa vya Jani la Dawa

Kila nikikata jani hili kwa wembe ili niliweke chini ya hadubini, harufu yake kali ya ganda la limau inapanda, na ninainuka, natoka mpaka mlangoni, narudi. Vifuko vya mafuta naviona wazi, vya duara, vimezungukwa na seli nyembamba. Hata hivyo nakata jani jingine.

Bibi aliviita vidoa. Vichaka vya aina mbili vya mlimani vilifanana, kimoja dawa, kingine cha kuwasha ulimi, vyote kijani mwaka mzima, lakini ukiinua jani la dawa kwenye jua, vidoa vyake vinapitisha mwanga. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo alinituma mimi. Mdogo wangu alikuwa akikohoa tangu alfajiri.

Siku hiyo Mlima Hanang ulijaa mawingu. Nilisubiri jua, halikutoka. Nikachuma tu, nikashuka mbio.

"Umeona vidoa?" Bibi aliuliza.

"Ndiyo, Bibi."

Akachemsha. Mvuke ulitoka, harufu haikuja. Hakunigombeza. Alimwaga maji nje, akachukua fimbo, akapanda mwenyewe. Nilibaki nikitoka na kuingia, nikitoka na kuingia, kikohozi kikinifuata mpaka mlangoni.

Alirudi jioni na majani yenyewe. Mdogo wangu akanywa, akalala. Nilimwambia Bibi shikamoo, akaitikia kwa kichwa tu. Midomo yake ilikuwa imevimba, ulimi umejaa mdomoni. Kwa kuwa hakuweza kuona, na baridi ya mlimani ilikuwa imeiua harufu, alikuwa ameonja kichaka kimoja kimoja.