Like zangu zilitoa siri ya binti yangu siku ya mahari

Wakuu, salamu kutoka huku kijijini kwetu Bahati. Mimi ni mzee aliyesoma hadi form four ya zamani, na haya yalitokea sebuleni kwangu. Sitajipaka rangi.

Binti yangu, tumwite Wanjiru, ana kifafa.

Akinywa dawa vizuri huwezi kujua. Tuliojua ni sisi watatu tu: yeye, mama yake na mimi.

Alipopata mchumba, kijana wa Njoro, aliniomba kitu kimoja. "Baba, hiyo niachie. Nitamwambia mwenyewe."

Nikakubali. Na kwa mdomo wangu, wakuu, sikusema.

Lakini nilikuwa na simu. Kuna page ya wazazi wa watoto wenye kifafa, na kila walichopost nilibonyeza like. Sikucomment hata siku moja. Kwangu like ilikuwa kama kuitikia kwa kichwa kanisani mhubiri akigusa jambo lako. Nani anakuangalia?

Sasa, kwetu kabla ya kikao cha mahari, upande wa kijana huulizia hiyo familia ikoje. Zamani walijifanya wamekuja kununua maziwa, wachungulie boma.

Siku hizi wanafungua profile. Hata mimi nilikuwa nimeshapekua ya baba ya kijana! Yangu sikuifikiria.

Siku ikafika. Tumekunywa chai, tunacheka. Shangazi ya kijana akavaa miwani, akainua simu.

"Mzee, wewe ni mtu wa kupenda sana. Hii page ya kifafa umelike yote. Nani huanguka hapa, ama ni mbuzi wenu?"

Watu wakacheka. Mimi nikaangalia sakafu, na kicheko kikaisha chenyewe.

Wanjiru alikuwa mlangoni na thermos. Akaiweka chini polepole.

"Ni mimi," akasema.

Kijana akauliza, "Tangu lini?" Mbele ya watu wote.

Wageni waliondoka chakula kikiwa bado jikoni. Kijana hakukataa kwa maneno. Simu zake zilipungua tu mpaka zikaisha.

Niliomba msamaha. Wanjiru akanijibu bila hasira, na hiyo ndiyo iliniumiza: "Labda angeniacha hata ningemwambia mimi. Lakini ningekuwa nimemwambia mimi."

Nimeingia settings, nimeficha like zote na page ninazofuata. Ingenichukua muda wa kunywa kikombe cha chai, kama ningefanya mapema.

Nimejifunza kwamba like ni kusema, na wakati mwingine unachosema si chako. Kama ni ugonjwa wa mtu mwingine, soma, unyamaze, ama umuulize kwanza.

Siku hizi Wanjiru akianguka anamwambia mama yake. Mimi nikiuliza, jibu ni, "Niko sawa, Baba."

Wazazi wenzangu, nyinyi mnafanyaje? Semeni hapa, hata kunikosoa. Ila kama una mgonjwa nyumbani, usiniwekee like. Pita tu, nitaelewa.