Hogo la Anselm na Moto wa Bani

Ukimuuliza mtu pale hospitalini Apolinaria ni nani, atakwambia, "Yule mama wa hogo." Basi, imeisha, kana kwamba kufunga hogo, ile plasta ngumu ya mfupa uliovunjika, ni sawa na kufunga kanga kiunoni. Huwa inanikera. Mimi naitwa Eliya, napiga picha za eksirei, na nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na tisa: huku chumba changu, kule chumba chake cha plasta, katikati dirisha dogo la kupitishia picha. Habari zake nazijua, na sipendi kubishiwa.

Hospitali yenyewe siitaji. Iko Tabora, inatosha. Apolinaria anakaa Chemchem, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, na kila asubuhi anakuja kwa miguu kwa sababu pikipiki, anasema, amezichoka. Ana haki. Mji huu ulijengwa na watu wa miguu. Wazee wetu walibeba mizigo kutoka hapa hadi pwani, miezi mitatu njiani, na wengi walirudi wakitembea. Mjukuu wao siku hizi anapanda bodaboda kwenda harusini, safari ya dakika kumi, na kwetu anafika kwenye machela. Hapo ndipo zamu ya Apolinaria inapoanza.

Analoweka bandeji ya plasta kwenye ndoo, anaikamua kidogo, anaizungusha mguuni juu ya pamba, halafu anailainisha kwa viganja upesi upesi kabla haijashika. Inatakiwa awepo mtu wa pili wa kushikilia mguu. Siku nyingi hayupo, kwa hiyo mguu anauegemeza kwenye paja lake mwenyewe. Ana miaka hamsini na minane. Viganja vimepasuka kwa chokaa ile, bega la kulia halinyanyuki vizuri. Nikimwambia aombe likizo ananijibu, "Nikilala mimi atafunga nani, Eliya? Wewe?" Na kweli, mimi sijui kufunga.

Na kila hogo lina maneno yake ya mwisho. "Liache likauke kwa hewa, siku mbili. Usilipeleke kwenye moto, usilimwagie maji, usilikanyagie. Mguu uweke juu ya mto. Vidole vikivimba, vikiwa vya baridi au vikibadilika rangi, rudi siku hiyo hiyo." Nimeyasikia kupitia dirisha lile mpaka ningeweza kuyasema usingizini. Mgonjwa wa kwanza anaambiwa, wa kumi anaambiwa, na wa ishirini naye inabidi aambiwe kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Ijumaa moja ya mwezi wa tatu, Anselm alikuwa wa ishirini na tatu. Mkulima wa tumbaku kutoka Ulyankulu, wazazi wake walitoka Burundi zamani, mtu mpole asiyependa kusumbua. Alikuwa ameanguka akipanga majani ya tumbaku juu kwenye miti ya kukaushia, ule mfupa mkubwa wa chini ya goti ukapata ufa. Alikuwa amekaa siku kumi na gango la nusu, plasta ya upande mmoja tu, uvimbe umeshuka, sasa amekuja kufungwa hogo zima. Alikuja na mkewe Mektilda, aliyekuwa amebeba mto wa nyumbani kwapani kwa ajili ya kuegemeza mguu huo kwenye gari.

"Mama, tukifika nyumbani tufanye nini?" Anselm aliuliza alipomaliza kufungwa.

Apolinaria alikuwa hajala tangu asubuhi. Alikuwa anafuta mikono, macho yako mlangoni kwenye foleni. "Likauke vizuri tu, baba," alisema. "Likibaki bichi litavunjika. Mrudi baada ya wiki sita."

Hivyo tu. Nilisikia kwamba sentensi ni fupi kuliko siku zote. Mkononi nilikuwa na picha ya mtu mwingine, nami nilikuwa nimechoka, nikaendelea na yangu.

Sasa hebu fikiria mtu wa Ulyankulu anapoambiwa kitu kikauke vizuri. Bani ni kijumba cha matofali cha kukaushia tumbaku. Moto unakokwa nje, joto linaingia kwa mabomba, na majani yanakauka ndani kwa siku kadhaa. Anselm na mkewe wanalijua joto la bani kama unavyolijua joto la uji wa mtoto. Tumbaku yao haijawahi kurudishwa sokoni kwa unyevu. Mvua zilikuwa zinanyesha, hogo lilifika nyumbani likiwa baridi na zito. Wakafanya kile ambacho watu makini wa kule wangefanya. Walitandika mkeka ndani ya bani, Anselm akalala, na Mektilda akakaa nje kuchochea moto mdogo, ule wa siku ya kwanza ya majani, kutwa nzima ya Jumamosi na kutwa ya Jumapili. Alikuwa akiingia kila mara kugusa hogo kwa nyuma ya mkono.

Mguu ukaumuka kwa joto, na hogo likikauka halipanuki hata unywele. Anselm aliona maumivu makali, akadhani ni mfupa unaunga. Jumapili jioni vidole vikawa vya zambarau. Jumatatu asubuhi walikuwa mlangoni kwetu.

Apolinaria alilipasua hogo kwa msumeno. Ndani ngozi ilikuwa na malengelenge makubwa, na mguu chini yake ulikuwa baridi kabisa. Daktari alipouliza ilikuwaje, Anselm alijibu kama alivyojua, "Mke wangu alichochea moto, tukalikausha banini." Hakusema kwa ubaya. Lakini mama yake mzazi, Bi Advera, alikuwa amesimama pale pale, na toka dakika hiyo alikuwa na la kusema.

"Amempika mwanangu," alimwambia kila aliyekuja kuona mgonjwa. "Mwanamke amempika mume wake kama jani."

Jumanne madaktari waliupasua mguu ili damu ipite. Damu haikupita. Jumatano waliukata chini ya goti.

Siku ile Apolinaria alikuja chumbani kwangu, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa. "Eliya, sikuwaambia habari ya moto."

"Najua."

"Ulisikia?"

"Dirisha liko wazi siku zote."

Alinitazama akingoja niseme kitu cha maana. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimwambia, "Funika kombe mwanaharamu apite. Umebakiza miaka miwili tu ustaafu. Ukifungua mdomo ni barua, vikao, na mguu hauoti tena." Nilisema kwa ukali, kama ninavyosema nikiwa na hofu. Alirudi kwenye ndoo yake, na foleni ilikuwa ndefu.

Tangu Jumanne, kila asubuhi alipita wodini kumtazama Anselm. Mektilda alikuwa anakaa sakafuni pembeni ya kitanda, akimlisha mumewe uji, na kila asubuhi alimwambia, "Shikamoo mama," naye Apolinaria akaitikia, "Marahaba mwanangu, mmeamkaje?" Halafu akaondoka. Ndugu waliokuja walimsalimia Anselm, wakamruka Mektilda kama hayupo.

Jumamosi wakati wa kuona wagonjwa, Bi Advera na mjomba mmoja aitwaye Wenceslaus walikaa kwenye benchi nje ya wodi wakakata shauri. Mektilda aliitwa asimame mbele yao, kikombe cha uji mkononi. Mjomba alimwambia kwamba Anselm akiruhusiwa, yeye atakwenda kwa baba yake huko Urambo akapumzike. Kupumzika, ndivyo walivyoliita. Watoto wawili wangebaki kwa bibi yao. Mektilda hakujitetea. Alikuwa ameshaanza kuamini kwamba ni yeye.

Nilikuwa napita na Apolinaria, tunakwenda kunywa chai. Alisimama. Nilimshika kiwiko, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Twende zetu." Aliutoa mkono wangu.

"Bi Advera," alisema, "huyu msimfukuze. Mimi ndiye niliyefunga lile hogo. Kila mtu namwambia akae mbali na moto. Huyu sikumwambia. Nilimwambia likauke vizuri, nikamfungulia mlango. Yeye alifanya nilichosema."

Mjomba alitazama viatu vyake. Bi Advera akavuta kanga yake mabegani. Nikasubiri matusi, nikaona hata yangekuwa nafuu. Hatimaye Bi Advera alisema polepole, "Basi hatuna la kumwambia mtoto wa watu," na akasogea ili Mektilda akae.

Mektilda hakukaa. Alimtazama Apolinaria, macho makavu, mkononi bado ana kikombe cha uji.

"Mama," alisema, "nimekuamkia siku tano. Jumanne mguu ulikuwa bado upo. Watu wamepita hapa wakisema nimempika mume wangu. Ulikuwa unajua kwamba si mimi?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

Ningeweza kumjibia mimi. Ningesema amechoka, ningesema wagonjwa ishirini na tatu, ningesema mimi ndiye niliyemzuia. Apolinaria hakusema hata moja la hayo.

"Niliogopa, mwanangu."

"Na mimi niliogopa," Mektilda alisema. "Ila mimi nilikaa naye."

Kisha akaingia wodini kumpa mumewe uji uliokuwa unapoa.