Mahindi Aliyoyakataa Mama Mkwe

Kosa ni langu, ndugu msomaji, na sina wa kumsingizia. Jina langu nalificha kwa ajili ya mtoto, na lake nimelibadilisha. Mengine nakuambia yote.

Mimi ni mke wa mkulima, huku chini upande wa Siakago. Mwaka ule mvua ilitukuta tukivuna. Badala ya kuanika mahindi hadi yakauke, niliyajaza kwenye magunia ya nailoni yakiwa bado mabichi, nikayapanga kwenye sakafu ya udongo. Nilijiona mjanja!

Mama mkwe alikuja siku ambayo wanawake wa kikundi cha kanisa walikuwa kwangu. Akaingiza mkono ndani ya gunia, akanusa, akatema mate.

"Mama Wanja, hii mahindi imeoza. Usipatie watu."

Mbele ya wageni! Aibu niliyoisikia! Nikamjibu huyo nyanya wa mwanangu Wanja:

"Cucu, tangu niolewe hapa, kuna kitu yangu umewahi kusifu?"

"Hapa si mambo ya kusifu. Choma."

Sikuchoma. Niliyatwanga maganda yakatoka na ukungu wake, yakawa meupe kama mchele. Nikayachemsha na maharagwe yakawa muthokoi, na nani angejua? Mama mkwe alikataa sahani yake. Nikazunguka kijiji nikisema ananidharau.

Wakafa kuku, niliokuwa nikiwamwagia chenga. Nikasema ni kideri. Akafa mbwa, aliyekuwa akila makombo yetu. Hata hivyo sikuacha kupika. Jamani, hapo ndipo ninapojichukia!

Juma lililofuata mume wangu alianza kutapika. Asubuhi moja nilimpelekea maji ya kunawa, nikaona macho yake yamekuwa ya manjano. Hospitalini daktari aliuliza swali moja tu: "Mmekuwa mkikula nini?" Nilipomtajia mahindi, akasema ini la mume wangu limeharibiwa na sumu ya ukungu. Tulimzika kabla hata magunia hayajaisha.

Mama mkwe, aliyefiwa na mwanawe, hakunitukana. Alikuja na kiberiti, akayachoma magunia yote, kisha akamchukua Wanja akawa anamlisha kwake. Bila yeye ningezika wawili.

Leo namshukuru hata anaponigombeza, na hunigombeza kila siku! Kabla ya kusaga nampelekea mahindi ayaume kwa jino. Akisema bado, narudi kuanika. Maneno niliyoyaita dharau ndiyo yaliyonifundisha kazi, lakini nilijifunza nikiwa mjane.

Na jambo hili bado halijaisha. Wanja aliula muthokoi ule wiki tatu. Daktari aliniambia ini linaweza kukaa kimya miaka mingi kabla ya kuonyesha ubaya wake. Kwa hiyo kila asubuhi namsimamisha mlangoni kwenye mwanga nimtazame macho. Yeye hucheka, anadhani ni mchezo.

Ndugu zangu, ukiambiwa chakula chako kimeoza, usimtazame anayesema wala waliosikia. Fungua gunia unuse! Leo asubuhi macho ya Wanja yalikuwa meupe. Ya kesho siyajui.